Kadi Mpya ya Grafiki na Kompyuta Inayogoma Kuwaka

Kompyuta ya mezani iliyokuwa ikiwaka vizuri huweza kugoma siku ileile inapofungwa kadi mpya ya grafiki. Pengine feni hazizunguki kabisa, au zinazunguka sekunde mbili zikasimama. Pengine nembo ya kampuni inatokea kisha skrini inabaki nyeusi, au Windows inaanza kufunguka halafu inaanguka na kuanza upya bila kikomo. Mwenye mashine huziita zote "imegoma kuwaka", lakini ni hitilafu tofauti. Kila moja hutokea kwenye hatua yake ya uwashaji, na hatua hiyo ndiyo inayoonyesha pa kutafuta. Fundi anayeangalia kwanza mashine imefika wapi kabla ya kuanguka huweza kumaliza kazi kwa bisibisi na fleshi. Anayeanza kwa kupiga Windows upya, au kwa kununua kadi nyingine, mara nyingi hulipa mara mbili na hitilafu ikabaki palepale.

Katika kata ya Ulemo, wilayani Iramba, na katika senta jirani za Misigiri na Kiomboi, kosa la aina hiyo lina gharama kubwa kuliko mjini. Wanaohitaji kadi ya grafiki huko ni hasa wahariri wa video za harusi, kipaimara na mahafali, wenye studio za picha na muziki, na wenye mabanda ya gemu. Mashine wanazotumia kwa kawaida ni za ofisini, zilizokwisha tumika Ulaya, Marekani au nchi za Ghuba kabla ya kuuzwa tena Dar es Salaam: Dell OptiPlex, HP Compaq na EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine imara, na nyingi bado zina miaka ya kazi mbele yake, ila zilitengenezwa kwa ajili ya barua na mahesabu. Kadi ikikataa, ya kubadilishia haipo mtaa wa pili. Itapanda basi kurudi Singida mjini au Kariakoo, na harusi ya Jumamosi iliyopita bado haijahaririwa. Uchunguzi unaofanyika hapohapo, kabla ya kutuma chochote, ndio unaookoa fedha na siku.

Kitufe cha kuwashia kinapobonyezwa, pawasaplai ndiyo inayoamka kwanza. Inajipima, na umeme wake ukishatulia, ndani ya nusu sekunde hivi, inaupa ubao mama ishara kwamba kazi iendelee. Ubao mama unaendesha BIOS, programu iliyohifadhiwa kwenye ubao wenyewe, nayo inakagua prosesa, RAM na kadi zilizochomekwa. Kadi ya grafiki ina programu yake ndogo ndani yake. BIOS inaisoma na kuiendesha ili picha ya kwanza, nembo ya Dell au HP, ionekane. Windows inaanza kupakiwa kutoka kwenye diski ikitumia njia ya picha ya kawaida kabisa, ile ambayo kadi yoyote inaielewa. Mwishoni, vitone vikiwa vinazunguka kwenye skrini, draiva halisi inaingia na kuikamata kadi. Hapo ndipo kadi inaanza kutumia nguvu zake zote, na matumizi yake ya umeme yanapanda kwa ghafla.

Mpangilio huo unatosha kugawa kesi nyingi. Mashine isiyozungusha feni, au inayozungusha na kukata papo hapo, ina tatizo la umeme au la kadi iliyoleta shoti. Inayobaki na feni zikizunguka, skrini nyeusi na milio ya kengele, imekwama kwenye BIOS: kadi haijashika vizuri kwenye sloti, RAM imelegea, au BIOS na kadi hazielewani. Inayoonyesha nembo na vitone kisha ikaanguka, imekwama kwenye draiva. Inayofika mpaka mwisho na kuzimika tu pale programu ya video inapofunguliwa, imerudi kwenye umeme, au joto. Mpaka kati ya makundi haya si mkali, kwa sababu pawasaplai dhaifu huweza kuvumilia mpaka draiva inapoingia ndipo ikakata, na kosa likaonekana kana kwamba ni la Windows.

Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa chochote. Kompyuta inazimwa, plagi inachomolewa ukutani, kitufe cha kuwashia kinabonyezwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe, kisha kadi mpya inatolewa na kebo ya monita inarudishwa kwenye mlango wa ubao mama. Prosesa nyingi za Intel zilizomo kwenye mashine hizi za ofisini zina uwezo wake wa kuonyesha picha. Ikiwaka kama zamani, inajulikana kwamba diski, RAM, prosesa na Windows havina lawama kubwa, na uchunguzi unabaki kwa kadi na kinachoihudumia. Ikikataa hata bila kadi, basi kuna kitu kimeguswa au kimeharibika wakati wa kuifungua, na mara nyingi ni RAM iliyosogea au waya uliochomoka.

Umeme kwanza

Kwenye mashine za ofisini zilizotumika, chanzo cha kwanza cha kushukiwa ni pawasaplai. Dell OptiPlex 7010, iliyotoka mwaka 2012 na ambayo bado inauzwa kwa wingi kama mtumba, ina pawasaplai ya wati 275 kwenye kasha kubwa na wati 240 kwenye kasha dogo. OptiPlex 9020 ina wati 290 na 255. HP Compaq Elite 8300 ya kasha dogo nayo ni wati 240. Wahandisi wa mashine hizo walipiga hesabu ya prosesa, diski na kadi ndogo tu, wakaishia hapo.

Hesabu yenyewe haina fumbo. Prosesa ya Core i5 ya kizazi cha tatu imekadiriwa wati 77. Ubao mama, RAM, diski na feni vikipewa wati 50, jumla inakaribia 130. Ikiongezwa GTX 1050 Ti, ambayo ni wati 75, inafika kama 205, na pawasaplai nzima ya wati 275 inaimudu. GTX 750 Ti ni wati 60, GT 1030 ni wati 30 tu. Lakini RX 580 inahitaji kama wati 185, na RTX 3060 wati 170. Yoyote kati ya hizo inaivusha OptiPlex ile kwenye kiwango chake, na huko ni kumbebesha punda wa magunia mawili magunia manne. GTX 1060, wati 120, inaonekana kwenye karatasi kama itaingia kwa tabu. Haifai, kwa sababu kadi hupanda juu ya wastani wake kwa kufumba na kufumbua, na pawasaplai ya miaka kumi haina tena nguvu iliyoandikwa ubavuni. Ulinzi wake ukihisi mzigo umezidi, unakata. Kompyuta inazimika bila ujumbe wowote, bila skrini ya bluu, na baadaye Windows inaandika kwenye kumbukumbu zake tukio namba 41, linalomaanisha tu kwamba mashine ilizimika bila kuagwa. Tukio 41 lisiloambatana na namba ya kosa ni dalili nzuri kwamba umeme ulikatika.

Njia ambayo umeme unafika kwenye kadi nayo ina mipaka. Sloti ya PCI Express inatoa wati 75 na si zaidi, na baadhi ya mashine za kasha jembamba zimewekewa ukomo wa chini ya hapo. Kadi inayohitaji zaidi ina tundu juu yake: la pini 6 linaongeza wati 75, la pini 8 wati 150. Tundu hilo likiachwa wazi, kadi nyingi huzungusha feni kwa kasi na kukataa kutoa picha, au hutoa maandishi yanayodai waya uchomekwe. Pawasaplai za ofisini kwa kawaida hazina waya huo, na hapo ndipo huletwa kiunganishi kinachobadilisha waya wa diski wa SATA kuwa pini 6 au 8. Hiki ni kifaa cha kuepukwa. Kichwa cha SATA kimepimwa kubeba ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54. Kadi ikivuta wati 75 au 100 kupitia hapo, plastiki inalainika, inaungua, na moto unaweza kuanza ndani ya kasha.

Dawa ya kweli ni kubadilisha pawasaplai au kuchagua kadi isiyo na tundu. Kubadilisha kuna kikwazo ambacho wauzaji husahau kukitaja. OptiPlex 7010 ya kasha kubwa inatumia kichwa cha kawaida cha pini 24, lakini Dell ilianza kutumia kichwa chake chenye pini 8 kwenye OptiPlex 3020, 7020 na 9020, na HP ikafuata njia yake yenye pini 6 kwenye mashine za kipindi hichohicho. Pawasaplai ya kawaida haiingii humo bila waya maalumu wa kuunganishia, na kwenye kasha dogo haiingii hata kwa umbo. Kwa mhariri wa Ulemo mwenye kasha dogo, kadi fupi ya wati 75 au chini yake ndiyo chaguo la busara, hata kama rafiki yake wa Dodoma anasifia kubwa zaidi.

Kabla ya kuilaumu pawasaplai, umeme unaoiingia unastahili kupimwa. Umeme wa TANESCO ni volti 230. Nguzo zilizofika vijijini kupitia Wakala wa Nishati Vijijini, REA, zimebadilisha maisha ya kata nyingi za Iramba, lakini nyumba iliyo mwisho wa laini ndefu, mbali na transfoma, hupata volti pungufu saa za jioni, wakati mashine ya kusaga, mafriji na pasi vyote viko kazini. Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 limeongeza umeme wa gridi ya taifa. Haliondoi upungufu unaotokea kwenye waya mwembamba wa kijijini. Volti zikishuka, pawasaplai inalazimika kuvuta ampea nyingi zaidi ili itoe wati zilezile, inapata joto, na nguvu yake ya akiba inapungua. Kompyuta inayowaka asubuhi na kugoma saa mbili usiku haina kosa la draiva. Multimita kwenye soketi, ikishikwa na anayejua kuitumia, inamaliza ubishi kwa dakika moja, na ikishushwa kwenye waya wa njano na mweusi wa pawasaplai huku mashine ikiwa kazini, inatakiwa kusoma kati ya volti 11.4 na 12.6. Kufungua pawasaplai yenyewe ni jambo jingine kabisa: kapasita zake hubaki na umeme wa kuua hata baada ya plagi kuchomolewa.

Stabilaiza yenye uwezo wa kutosha inasaidia. UPS ndogo ya VA 650 hubeba kama wati 360 hadi 390, na monita ikiwekwa juu yake pamoja na kompyuta yenye kadi kubwa, UPS inalia na kukata sekunde ileile mzigo unapopanda. Wengi huiona kama kompyuta iliyoanguka. Wenye sola nao wahakikishe inveta inatoa wimbi safi, si lile la kukadiria, kwani baadhi ya pawasaplai za kisasa hazilivumilii.

Sloti, vumbi na kebo

Singida ni mkoa mkavu wenye upepo mwingi. Toka mvua zinapokoma mpaka zinaporudi mwishoni mwa mwaka, vumbi linaingia kila mahali, na kompyuta yenye feni ni mashine ya kulivuta. Sloti ya grafiki iliyokaa miaka bila kutumika huwa na tabaka la vumbi ndani yake, na kadi inapochomekwa juu ya tabaka hilo, baadhi ya miguso haikutani. Matokeo ni skrini nyeusi, milio, au picha inayokuja na kupotea. Sloti inapulizwa kwa blowa au brashi laini kavu, si kwa mdomo, maana mate huleta kutu. Miguso ya dhahabu ya kadi inasuguliwa taratibu kwa ufutio safi wa penseli na kufutwa kwa kitambaa chenye spiriti ya kusafishia vifaa. Ukavu wa hewa huongeza pia umeme tuli mwilini. Kugusa chuma cha kasha kabla ya kushika kadi ni tahadhari ndogo inayookoa vifaa.

Kadi ichomekwe moja kwa moja mpaka kifungio cha sloti kilie, kisha skrubu yake ikazwe. Skrubu ikikazwa kabla kadi haijazama, inainua ncha ya nyuma. Kadi nzito iliyosafirishwa ikiwa ndani ya kompyuta kwenye basi kutoka Dar es Salaam hulegea, na RAM hulegea pamoja nayo. Vyote viwili vichomolewe na kurudishwa.

Kebo ya monita ndiyo kosa jepesi kuliko yote na linalosababisha huzuni nyingi. Kadi ikishafungwa, Dell na HP nyingi huzima milango ya picha ya ubao mama zenyewe. Kebo ikiachwa kwenye mlango wa zamani, kompyuta inawaka vizuri kabisa na skrini inabaki nyeusi. Monita za zamani zenye VGA peke yake zinaleta shida nyingine, kwa kuwa kadi nyingi za miaka ya karibuni hazina VGA kabisa; kibadilishi cha bei ya chini kinaweza kushindwa kutoa picha kwenye hatua ya BIOS na kuanza kazi Windows ikishafunguka. Kadi za NVIDIA za vizazi vya Maxwell na Pascal zilikuwa na kasoro inayofanana kwenye monita za DisplayPort 1.3 na 1.4: skrini nyeusi mpaka Windows ifunguke, au kuganda kabisa. Kampuni ilitoa programu ya kuirekebisha mwaka 2018. Kujaribu kebo ya HDMI kwanza kunatosha kujua kama ndiyo hiyo.

BIOS na umri wa mashine

Kompyuta za kabla ya mwaka 2012 hivi ziliwaka kwa mfumo wa zamani wa BIOS. Zilizofuata zinatumia UEFI, na pamoja nayo ulinzi wa Secure Boot ulioletwa na Windows 8, unaokataa kuendesha programu isiyo na saini inayotambulika. Kadi ya zamani isiyo na sehemu ya UEFI ndani yake, ikiwekwa kwenye mashine iliyofungwa kwa UEFI pekee, haitoi picha hata kidogo. Kinyume chake nacho hutokea: kadi ya kisasa kwenye ubao wa mwaka 2010 au 2011, BIOS ikashindwa kuisoma na kutoa milio.

Tiba ni mbili. Kwanza, kadi inatolewa, mashine inawashwa kwa picha ya ubao mama, na kwenye mipangilio ya BIOS kinaruhusiwa kipengele cha kusoma programu za kadi za mtindo wa zamani, kinachojulikana kama CSM au kwenye Dell kama ruhusa ya Legacy. Secure Boot inaweza kulazimika kuzimwa. Hapa kuna mtego. Windows iliyosimikwa kwa UEFI haitapatikana mashine ikigeuzwa kuwa Legacy moja kwa moja, na mwenye kompyuta ataona ujumbe kwamba hakuna diski ya kuwashia, akadhani kazi zake zimefutika. Hazijafutika, mpangilio ukirudishwa, zinarudi. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, namba ya kuifungulia ipatikane kabla ya kugusa chochote, kwa kuwa mabadiliko ya BIOS huifanya Windows iidai.

Pili, BIOS yenyewe inaweza kusasishwa kwa faili linalotolewa na Dell, HP au Lenovo kwa modeli husika. Watengenezaji wamerekebisha mengi kwa njia hiyo, na kwa mashine iliyokaa muongo mzima na toleo la kwanza ni hatua yenye maana. Lakini umeme ukikatika katikati ya kuandika BIOS, ubao mama unaweza kufa palepale. Kazi hiyo ifanywe kwa UPS iliyochajiwa na salio la LUKU likiwa limeangaliwa, na kama mashine inawaka vizuri na kadi, isifanywe kabisa.

Draiva

Kompyuta inayoonyesha nembo, ikafika kwenye vitone, kisha ikaanguka, inahitaji kusomwa kosa lake. Skrini ya kosa ni ya bluu, na kwenye Windows 11 tangu mwaka 2025 imekuwa nyeusi. Mara nyingi inapita haraka kuliko jicho. Windows ikishindwa kuwaka mara mbili mfululizo, hufungua yenyewe sehemu ya ukarabati. Kwenye mipangilio ya uwashaji humo, namba 9 inazuia mashine kujiwasha upya baada ya kosa, ili maandishi yasomeke. Namba 3 inawasha kwa picha ya kiwango cha chini, na namba 4 inawasha katika hali salama, ambamo draiva ya kadi haipakiwi.

Makosa yanayohusu grafiki hujitambulisha. VIDEO_TDR_FAILURE, yenye namba 0x116, maana yake Windows iliisubiri kadi ijibu, kwa kawaida sekunde mbili, ikajaribu kuiamsha upya, ikashindwa. Jina la faili linalofuata linataja mwenyewe: nvlddmkm.sys ni draiva ya NVIDIA, amdkmdag.sys au atikmdag.sys ni ya AMD, igdkmd64.sys ni ya Intel. Namba 0x124 inaelekeza kwenye vifaa vyenyewe, kwa hiyo msomaji arudi kwenye umeme, joto na sloti kabla ya kupoteza bando kwa draiva.

Mashine ikiwaka katika hali salama na kuanguka katika hali ya kawaida, draiva ndiyo mshukiwa. Kisababishi cha kawaida ni mabaki ya kadi ya zamani, hasa pale AMD inapobadilishwa kwa NVIDIA au kinyume chake. Kuondoa draiva kwa njia ya kawaida ya Windows huacha vipande nyuma. Programu ya bure ya Display Driver Uninstaller ya Wagnardsoft, ambayo mafundi huiita DDU, inavifagia vyote, nayo inatumika ndani ya hali salama. Intaneti izimwe wakati huo; vinginevyo Windows Update inaleta draiva yake katikati ya kazi na mchanganyiko unarudi. Baada ya hapo kompyuta inazimwa kikamilifu kwa kushikilia kitufe cha Shift wakati wa kubofya kuzima, kwa sababu uwashaji wa haraka wa Windows huhifadhi sehemu ya mfumo kama ilivyokuwa na kuurudisha na makosa yake.

Draiva mpya ni faili kubwa, la mamia ya megabaiti, na mahali penye mtandao wa kusuasua ni afadhali lipakuliwe kwa utulivu Kiomboi au Singida na kuletwa kwa fleshi. Lipakuliwe kutoka tovuti ya NVIDIA, AMD au Intel peke yake. Programu zinazojidai kutafuta draiva zote za kompyuta ni chanzo kikubwa cha virusi na cha draiva zisizo zake. Na mpya zaidi siyo lazima iwe sahihi. Kadi za NVIDIA za kizazi cha Kepler, kama GTX 650 na nyingi za GT 710, zilikomea kwenye draiva za mfululizo wa 470. Za Maxwell na Pascal, ikiwemo GTX 1050 Ti inayopendwa sana, zimewekewa mwisho kwenye mfululizo wa 580. Anayelazimisha toleo la baadaye atakataliwa na kisimikaji, au atatumia faili lililochezewa na kuanguka kila anapowasha.

Kwenye Ubuntu na ndugu zake, kosa linalolingana na hili ni skrini nyeusi baada ya menyu ya kwanza. Neno nomodeset likiongezwa mwisho wa mstari wa uwashaji, mfumo unafunguka kwa picha ya kawaida na draiva ya NVIDIA inaweza kusimikwa kutoka humo.

Kadi zilizotumika

Si kila kadi inayouzwa kama mpya ni mpya. Tarehe 15 Septemba 2022 sarafu ya kidijitali ya Ethereum iliacha mfumo wa kuchimbwa kwa kadi za grafiki, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikaingizwa sokoni duniani kote. RX 570 na RX 580 ni mfano wa wazi. Baadhi zilibadilishiwa programu yake ya ndani ili zichimbe vizuri, na kwenye kompyuta ya kawaida huanguka mara draiva inapoingia. Programu halisi ikirudishwa, nyingi hupona. Nyingine zina pasta ya joto iliyokauka na feni zilizochoka. Hizo huwaka, hufika mezani pa Windows, kisha huzimika zikipata moto.

Zipo pia kadi bandia, GTS 450 au nyingine ya zamani iliyoandikiwa ndani yake jina la GTX 1050 Ti. Windows inaamini jina hilo, inapakia draiva isiyoifaa, na mfumo unaanguka papo hapo. Programu ndogo ya bure ya GPU-Z inaonyesha chipu halisi, na tangu mwaka 2018 hutoa onyo inapobaini udanganyifu. Mnunuzi wa Kariakoo au Singida mjini ana haki ya kuomba kadi iwashwe na GPU-Z ifunguliwe mbele yake kabla ya kulipa, na muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Baada ya yote hayo, kadi ambayo bado inagoma ijaribiwe kwenye kompyuta nyingine yenye pawasaplai ya kutosha, kwa mfano ya shule ya sekondari au ya steshenari ya jirani, kwa ruhusa yao. Ikigoma na huko, kadi ndiyo mbovu na irudishwe ikiwa na risiti yake. Ikiwaka huko, kadi ni nzima na mashine ya nyumbani ndiyo isiyoiweza. Ikishakubali kuwaka nyumbani, ipewe kazi ya kweli kwa saa moja au mbili, video ndefu ikitolewa mpaka mwisho huku GPU-Z ikionyesha joto, na jaribio hilo lirudiwe jioni, wakati volti za kijiji ziko chini. Mfuniko wa kasha urudishwe kabla ya jaribio, kwa sababu mashine iliyo wazi hupoa kuliko iliyofungwa.